Je, wajua kwa nini ubavu wa kushoto wa basi ni hatari kwa mwenye baiskeli?

Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi yake ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na kupewa namba, na mtu wa Makorora anaweza kufika sokoni kwa pedeli kabla mwenzake aliyesimama kituoni hajapata daladala yenye nafasi. Mwuza maziwa amefunga madumu mawili kwenye keria, mzee amempakia mjukuu mbele kwenye fremu, mama anakwenda hospitali ya Bombo kumwona mgonjwa. Wote hao wanapita upande uleule ambao daladala inashusha na kupakia: kushoto.

Malalamiko ya wapanda baiskeli yanafanana. Dereva amekupita sasa hivi, ametoka kukuona kwa macho yake, halafu ghafla anakuchomekea na kusimama mbele ya gurudumu lako kana kwamba hukuwapo. Wengi husema ni ubabe. Ubabe upo, tusiufiche, lakini sehemu kubwa ya jibu iko kwenye umbo la gari na mahali dereva anapokaa.

Kwa kuwa tunaendesha kushoto, usukani uko kulia. Dereva amekaa karibu na katikati ya barabara, na ukingo wa lami uko upana wa gari zima mbali naye: mita 2 hivi kwa basi dogo aina ya Coaster, mita 2 na nusu kwa basi kubwa. Kati ya jicho lake na kioo cha kushoto kuna abiria wa kiti cha mbele, kuna mizigo, na wakati wa jioni kuna watu waliosimama hadi karibu na gia. Kioo chenyewe kimebinuka ili kionyeshe eneo pana, na kioo cha namna hiyo hukifanya kitu kionekane kidogo na cha mbali kuliko kilivyo. Baiskeli iliyo sambamba na gurudumu la mbele la kushoto, chini ya dirisha, mara nyingi haimo kwenye kioo kabisa. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji kifaa: tazama kioo cha pembeni cha basi, kama huuoni uso wa dereva ndani yake, na yeye hakuoni wewe. Rudi nyuma mpaka uuone.

Hatari ya pili ya ubavu huo ni kona. Basi halipiti kona kama baiskeli. Magurudumu ya nyuma hayafuati nyayo za yale ya mbele. Yanakata kwa ndani. Chukua basi ambalo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 6. Likizunguka huku gurudumu la mbele likichora duara la nusu kipenyo cha mita 10, lile la nyuma litachora duara la nusu kipenyo cha mita 8. Maana yake ubavu wa nyuma unaingia ndani mita 2 nzima, juu ya kipande cha lami ambacho mwenye baiskeli alikiona kitupu na salama. Coaster, yenye mita 4 hivi kati ya ekseli, huingia ndani zaidi ya mita 1 kwenye kona ya kawaida ya mtaani.

Dereva mzoefu anajua hilo, ndiyo maana akitaka kukata kushoto kuingia mtaa mwembamba huanza kwa kulisogeza gari kulia. Hapo ndipo watu wanapoumia. Mwenye baiskeli anaona basi limekwenda kulia, anaona nafasi imefunguka kushoto, anaingia. Sekunde mbili baadaye nafasi ile inafungwa na tairi la nyuma. Kwa hiyo basi likipunguza mwendo karibu na njia panda, usiitazame bodi yake peke yake. Tazama indiketa ya kushoto, kisha baki nyuma yake hata kama njia inaonekana wazi. Kwenye kipilefti ni hivyohivyo: kama unanyoosha mbele, kaa nyuma ya basi katikati ya njia yako, usikumbatie ukingo wa nje, kwa sababu basi likitoka litakukata.

Sasa tuje kituoni, maana ndiko baiskeli na daladala zinakokutana mara nyingi kuliko kwingine. Ukihesabu na kusimama kwake, daladala ya mjini haikuachi sana. Inakupita, inasimama, unaipita, inaondoka, inakupita tena. Watu wawili wanaweza kupitana mara sita kati ya Mabawa na katikati ya mji, na kila mara mmoja wao anahisi mwenzake amemwonea.

Hesabu yake inafaa kujulikana na madereva. Tuseme daladala inakwenda kilometa 40 kwa saa, baiskeli 15, na kituo kiko mita 60 mbele. Ili dereva aanze kumpita mwenye baiskeli akiwa mita 10 nyuma yake na kurudi kushoto akiwa mita 10 mbele yake, ukijumlisha na urefu wa gari na wa baiskeli, atatumia sekunde 4 na kidogo, na daladala itakuwa imekwenda mita 46. Zimebaki mita 14. Kusimama taratibu kutoka mwendo huo, bila kuwaangusha abiria waliosimama, kunahitaji mita 40 hivi. Hesabu haikubali. Kitu kimoja kati ya viwili kitatokea: atarudi kushoto mapema na kumbana mwenye baiskeli ukingoni, au atakanyaga breki kali mbele yake. Na akivumilia kukaa nyuma ya baiskeli kwa mita hizo 60, atachelewa sekunde 9. Basi kanuni ya kufuata ni kwamba kama kituo kiko chini ya mita 100 na kuna baiskeli mbele, mwache atangulie. Abiria hatakosa chochote kwa sekunde 9.

Upande wa mwenye baiskeli nao una wajibu wake, na huu hauna mjadala: daladala ikisimama kushusha, usipenye kati yake na kituo. Mlango uko huko. Anayeshuka anatazama ngazi na mzigo wake, hatazami nyuma, na mara nyingi ni mtu mzima au mama mwenye mtoto mgongoni. Simama nyuma, au ipite kulia baada ya kugeuza kichwa na kuhakikisha nyuma yako hakuna gari. Ukiipita, acha mita 1 kati ya mkono wako na bodi, na ukikaribia pua ya gari punguza mwendo, kwa sababu wapo wanaovuka mbele yake bila kuonekana.

Utajuaje kama inakaribia kuondoka? Taa za breki zinazimika. Konda anapiga bodi. Moshi unatoka. Lakini dalili ya kweli zaidi ni gurudumu la mbele la kulia: litageuka kuelekea barabarani kabla bodi haijasogea hata kidogo. Ukiliona limegeuka na wewe bado uko nyuma ya bampa, ngoja. Ukiwa tayari umeshafika usawa wa dirisha la dereva, ni juu yake kukungoja umalize.

Konda ndiye jicho la kushoto la dereva, na pale anapofanya kazi hiyo vizuri kila mtu anafika salama. Anatoa kichwa mlangoni, anatazama nyuma, anasema, “Suka, kushoto kuna baiskeli, ngoja kidogo.” Halafu anamgeukia mwenye baiskeli: “Mzee, shikamoo, pita kulia, tunashusha.” Mzee anaitikia, “Marahaba mwanangu, ahsante,” anapita. Imechukua muda mfupi kuliko honi na matusi. Konda anayening'inia akitazama mbele tu kutafuta abiria amemwacha dereva wake na jicho moja.

Kuhusu nafasi ya kupitana, upana wa baiskeli hauishii kwenye usukani. Usukani wa baiskeli ya kawaida, kama Phoenix, ni sentimeta 60 hivi. Ongeza sentimeta 20 kila upande za kuyumba, hasa kwenye mwendo mdogo au upepo wa baharini, unapata mita 1. Abiria aliyekaa upande kwenye keria anaongeza magoti yake, gunia la mkaa linaongeza zaidi. Ujerumani iliandika kwenye sheria yake mwaka 2020 kwamba anayempita mwenye baiskeli aache angalau mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Ukijumlisha nusu mita ya mchanga ukingoni ambako baiskeli haiwezi kupita, mita 1 ya baiskeli, mita 1.5 ya usalama na mita 2 za Coaster, unapata mita 5. Upande mmoja wa barabara ya lami kwa kawaida una mita 3 na kidogo. Kwa hiyo gari haliwezi kumpita mwenye baiskeli kwa usalama bila kuvuka mstari wa katikati, na kama kuna gari linakuja mbele, jibu ni kungoja nyuma.

Ukishatoka mjini, ukapita stendi ya Kange kuelekea Pongwe na Segera, kunaongezeka jambo jingine: upepo wa basi lenyewe. Pua ya basi inasukuma hewa, kwa hiyo kwanza utasukumwa kushoto. Ubavu ukipita, hewa inavuta, na wewe unavutwa kulia kuelekea magurudumuni. Mkia ukimaliza, unapigwa na hewa iliyovurugika. Wanaoanguka ni wale walioegemea kulia kupinga ule msukumo wa kwanza, mvuto ukawakuta wameshaegemea hukohuko. Nguvu hiyo huongezeka kwa mraba wa mwendo: basi la kilometa 80 kwa saa linavuta mara nne ya lile la 40. Ukisikia basi linakuja nyuma, kunja viwiko kidogo, shika usukani bila kuukaza, endelea kukanyaga pedeli, usigeuke kutazama. Na dereva apige honi fupi akiwa bado mita 40 nyuma. Honi ndefu ubavuni humshtua mtu, na aliyeshtuka huyumba.

Ishara za mkono zinafanya kazi zikitolewa mapema. Geuza kichwa kwanza, nyoosha mkono kwa sekunde tatu, rudisha mkono kwenye usukani, ndipo ukate kona. Mwenye mzigo mzito asiyeweza kuachia usukani ni bora ashuke na kuikokota baiskeli kuvuka.

Wakati wa masika mambo yote haya yanahitaji nafasi kubwa zaidi. Breki za vyuma hubana raba kwenye rimu, na rimu ya chuma ikilowa hushika vibaya sana. Mzunguko wa kwanza wa gurudumu unafuta maji tu. Bana kidogokidogo kabla hujafika unapotaka kusimama. Usiku, taa ya dinamo ina kasoro ambayo dereva wa basi hana namna ya kuijua: inawaka gurudumu likizunguka, na inazimika unaposimama njia panda, palepale ambapo ulihitaji kuonekana. Funga riflekta nyekundu nyuma ya madigadi, chini ya mzigo ili gunia lisiifunike, na nyingine ndogo kwenye kila pedeli. Hizo za pedeli hupanda na kushuka, na dereva akiona nukta mbili zinazopanda na kushuka gizani anajua mara moja kwamba mbele yake kuna mtu juu ya baiskeli.