Je, wajua kwa nini haradali haielewani na fangasi wa mizizi?

Chuma jani bichi la haradali, lifikiche kwa vidole, kisha nusa. Ule ukali unaopanda puani haukuwemo kabla hujalifikicha. Seli zinapopasuka ndipo kimeng'enya cha mirosinasi hukutana na sinigrini, kemikali yenye salfa iliyomo ndani ya haradali, mafuta makali yakazaliwa papo hapo. Wadudu wengi huyakimbia, na fangasi wengi vilevile.

Sasa, mimea mingi, mahindi na maharage yakiwemo, ina ubia wa kale na fangasi wa mizizi: wao huiletea fosforasi kutoka mbali, nayo huwalipa sukari. Ukoo wa haradali na kabichi uliuvunja ubia huo zamani sana, hata jeni zake nyingi umezipoteza. Ukiwapaka fangasi hao kwenye mbegu za haradali, umetupa pesa.

Wanaofaa ni wengine. Trikoderma hukaa kandokando ya mizizi na kuwashambulia fangasi waharibifu, akiwemo sklerotinia anayeozesha shina. Yupo pia Piriformospora indica, aliyepatikana katika jangwa la Thar nchini India na kuelezwa kisayansi mwaka 1998; huyu huingia hata kwenye mizizi ya ukoo wa kabichi.

Hata hivyo, kabla ya fangasi yeyote mimi ningeuliza habari za salfa. Kila molekuli ya sinigrini ina atomi 2 za salfa, na haradali huihitaji kuliko nafaka. Tazama majani: yakianza kugeuka manjano yale machanga ya juu, shuku salfa, yakianza ya chini, shuku naitrojeni. Wengi hawatazami, wanamwaga urea, ambayo haina salfa kabisa. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ina naitrojeni takriban asilimia 21 na salfa 24. Fosforasi nayo iwekwe karibu na mbegu wakati wa kupanda, maana mzizi huu hauna fangasi wa kumtuma.

Kwenye kuchagua mbegu, haradali ya kahawia huvumilia joto na ukame. Maganda ya ile nyeupe hayapasuki ovyo na kumwaga punje kabla ya mavuno.

Ukipanda mahindi baada ya haradali, usishangae miche ikidumaa mwanzoni na majani kuingia uzambarau. Fangasi wabia wa mahindi wamekaa msimu mzima bila mwenyeji, wamepungua, na fosforasi haina wa kuileta.