Weusi chini ya macho: tuutazame kwanza, krimu baadaye

Msimu wa harusi hapa Unguja hunijia wasichana na mama zao, mkononi kijikopo cha krimu cha soko la Darajani kisicho hata na karatasi ya maelezo. "Daktari, zimebaki wiki mbili, utatoka huu?"

Namsogeza dirishani, naivuta taratibu ngozi ya chini ya jicho. Ukahawia ukibaki vile vile, ni rangi ya ngozi yenyewe. Wengi tumeirithi, na mara nyingi mama aliyemsindikiza anayo. Ikizidi zambarau, ni mishipa ya damu inayoonekana kupitia ngozi, ambayo hapo ni nyembamba mno, kama nusu milimita. Akiinua uso kwenye mwanga, weusi ukapotea, basi ni kivuli cha kibonde, na hakuna krimu inayofukia kibonde.

Usingizi huchangia, kweli. Ramadhani, baina ya tarawehe na daku, nyuso husawijika, kisha hurudi. Weusi wa miaka haukuletwa na daku.

Sababu wasiyoidhania wengi ni kufikicha macho. Mwenye mzio wa vumbi au mende hufikicha tangu utotoni, na ngozi inayosuguliwa hujibu kwa kuwa nyeusi. Huyo naanza kumtibu mzio, kwa dawa kama setirizini. Mwenye viganja vyeupe, uchovu na hedhi nzito, nampima damu kwanza. Huenda anahitaji madini ya chuma.

Kinachoniuma ni mkorogo, yaani krimu za kujichubua. Krimu za steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe na mwasho, hung'arisha wiki chache, kisha huikondesha ngozi na mishipa ikajitokeza zaidi. Zikipakwa muda mrefu karibu na jicho zaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, ikipakwa miaka huweza kuacha weusi wa kijivu ulio mgumu mno kutoka. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu hizo huharibu figo. Nakuombeni, msizipake hapo! Na kwa kuwa baadhi ya wanja una madini ya risasi, mtoto mchanga asipakwe kabisa.

Ukiwa ni weusi wa rangi, krimu ya kinga ya jua yenye namba (SPF) 30 au zaidi kila asubuhi, pamoja na miwani kwa wanaoshinda baharini. Usiku krimu ya retinoli, aina ya vitamini A, kidogo sana, ila si kwa mjamzito. Subiri miezi mitatu kabla ya kuhukumu.

Bi harusi wa wiki mbili namwambia wazi kwamba hautatoka. Kitambaa cha maji baridi asubuhi kitapunguza uvimbe, na mpambaji amtangulizie kipodozi cha rangi ya chungwa chini ya poda, huuficha vizuri.