"Imeua utando wa bakteria": wa wapi, wa siku ngapi?

Kila ikitoka dawa mpya ya kusafishia mfereji wa mzizi wa jino, tunaambiwa imethibitishwa maabara kwamba inaua utando wa bakteria. Ukisoma jaribio lenyewe, mara nyingi bakteria walikuwa wakielea tu kwenye kimiminika chenye virutubisho. Hapo hapakuwa na utando wowote.

Utando wa bakteria, au bayofilamu, ni bakteria walioshikamana juu ya kitu na kujizungushia ute wanaoutengeneza wenyewe. Modeli ya maabara ni utando huo uliooteshwa nje ya kinywa: ndani ya jino lililong'olewa, juu ya kipande cha dentini (sehemu ngumu ya jino iliyo chini ya enameli), au hata juu ya plastiki.

Bakteria anayeelea hupigwa na dawa pande zote. Aliye ndani ya ute hufikiwa na dawa iliyokwisha kuchoka kwa kupambana na tabaka la juu, na wale wa chini kabisa, kwa kukosa chakula, hukua polepole mno na huwa wagumu kuuawa.

Modeli zenyewe nazo hazifanani hata kidogo. Mwaka 1987 watafiti Haapasalo na Ørstavik waliambukiza dentini ya ng'ombe kwa bakteria aitwaye Enterococcus faecalis. Bakteria hao walipenya ndani ya mirija ya dentini, mirija ambayo upana wake ni mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu, na dawa ya kalsiamu haidroksaidi ikashindwa kuwamaliza hata karibu na uso. Jaribio la plastiki lisingeonyesha hilo, kwa kuwa plastiki haina mirija. Tena dentini yenyewe hupunguza nguvu za dawa nyingi, sodiamu haipokloraiti ikiwamo.

Halafu kuna umri, jambo linalorukwa sana: utando wa siku mbili ni laini, wa wiki 3 ni sugu zaidi. Na Enterococcus faecalis hupendwa maabara kwa kuwa ni rahisi kumwotesha, ilhali mzizi wa mgonjwa hukaliwa na spishi nyingi kwa pamoja, wengi wao wasiohitaji oksijeni.

Modeli hizi ni za lazima, kwani ndizo zinazotuwezesha kulinganisha dawa kwa masharti yaleyale. Ila tuseme hivi: dawa hii ilipunguza utando wa bakteria fulani, wa siku kadhaa, juu ya dentini, baada ya dakika kadhaa.