Hilton hii si ile

Mtu wa Nairobi akisikia Hilton huona lile jengo refu la mviringo katikati ya jiji, lililofunguliwa mwaka 1969. Hoteli yenyewe ilifungwa mwishoni mwa 2022, lakini watu bado hupeana miadi "pale Hilton". Kazi yangu ni kuchunguza asili ya majina ya mahali, na hili nalipenda mno kwa sababu huwapotosha hata watafiti makini wa nasaba.

Wengi huhitimisha hivi: Uingereza kuna vijiji viitwavyo Hilton, kwa hiyo kila mwenye jina hilo asili yake ni huko, na hoteli nazo vilevile. Vijiji vipo kweli. Kuna Hilton ya Derbyshire, ya Cambridgeshire, ya Cumbria, ya Dorset. Ila hakuna kilichozaa kingine. Katika Kiingereza cha kale, hyll ni kilima na tun ni shamba au makazi. Watu wakikaa kilimani, jina linajileta lenyewe, kama sisi tulivyo na Mlimani kila upande.

Kufanana kwa tahajia ya leo nako hakuthibitishi kitu. Domesday, orodha kuu ya ardhi ya mwaka 1086, inaiandika Hilton ya Derbyshire "Hiltune", lakini ile ya Dorset ni "Eltone". Jina la Dorset huhusishwa na neno jingine kabisa, la mteremko. Karne za makarani ndizo zilizoyafanya yafanane. Ndiyo maana mtu akiniletea jina, kwanza namwomba tahajia ya zamani kuliko zote anayoweza kuipata. Ramani ya leo inaweza kungoja.

Kutoka kijiji hadi mtu, njia ilikuwa fupi. Mtu alihama, majirani wapya wakamtambulisha kwa alikotoka, na baadaye watoto wakalirithi jina. Hivyo akina Hilton wawili Waingereza wanaweza wasiwe na babu mmoja hata kidogo.

Sasa hoteli. Conrad Hilton, mwanzilishi wa hoteli za Hilton, alizaliwa San Antonio, New Mexico, mwaka 1887, na mwaka 1919 akanunua hoteli yake ya kwanza, Mobley, katika mji wa Cisco, Texas. Baba yake, Augustus Halvorsen Hilton, alikuwa mhamiaji kutoka Norwei, na jina lake ni la shamba lililo karibu na Kløfta, katika wilaya ya Ullensaker, kaskazini-mashariki ya Oslo. Kijiji cha Kiingereza hakihusiki.

Hapa inabidi kuelewa desturi ya Wanorwei wa vijijini. Mtu alikuwa na jina lake, kisha la baba yake, kisha la shamba alilokaa. Halvorsen maana yake ni mwana wa Halvor. Jina la shamba lilikuwa kama anwani: ukihamia shamba jingine, unaweza kubadilisha jina, na ndugu wa tumbo moja wakaitwa tofauti. Sheria ya kutaka kila familia iwe na jina la kurithiwa ilikuja mwaka 1923, Augustus akiwa ameshaondoka zamani.

Basi anayetafuta mababu wa Conrad Hilton aanzie kwenye vitabu vya kanisa vya Ullensaker, na asitafute jina Hilton peke yake. Amtafute Halvor, kisha aangalie alikuwa akikaa shamba gani.