Hofu Kabla ya LSAT: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Anayetaka kusomea sheria Marekani au Kanada hupewa ushauri mwingi kuhusu mtihani wa LSAT, na sehemu kubwa ya ushauri huo ni ya kumtuliza: usiogope, jiamini, ondoa wasiwasi. Hutolewa kwa nia njema. Lakini mwingi wake umesimama juu ya dhana zisizo za kweli, na anayeuamini huishia na mizigo miwili badala ya mmoja. Kwanza anauogopa mtihani, kisha anaanza kuiogopa hofu yenyewe.

"Aliyejiandaa vizuri haogopi"

Kwa maoni yangu, hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote. Moyo ukianza kwenda mbio na viganja vikalowa jasho, mtahiniwa hudhani mwili wake umetoa siri: kumbe hakuiva. Si hivyo. Mwili umetoa adrenalini kwa sababu umetambua kuna jambo kubwa mbele, na hilo humpata aliyesoma miezi sita kama linavyompata aliyesoma wiki moja.

Tena msisimko wa kiasi una faida. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson walionyesha, kwa majaribio ya panya, kwamba kazi ngumu hujifunzwa upesi zaidi pale msukumo unapokuwa wa wastani. Ukiwa hafifu mno au mkali mno, kujifunza huchelewa. Ushahidi unaowagusa watahiniwa moja kwa moja ulikuja mwaka 2010. Jeremy Jamieson na wenzake waliwachukua wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa GRE, mtihani wa kuingilia masomo ya uzamili, wakawaambia baadhi yao kwamba mwili kusisimka wakati wa mtihani kunaweza kuwasaidia. Walioambiwa hivyo waliwapita wenzao katika hesabu, na baadaye wakafanya vizuri zaidi hata kwenye GRE yenyewe. Hakuna aliyewatuliza, walielezwa tu maana nyingine ya kile walichokihisi. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks alipata matokeo yanayofanana na hayo: watu waliojiambia kwamba wamechangamka walifanya vizuri kuliko waliojiamuru kutulia. Basi mikono ikitetemeka asubuhi ya mtihani, usiishike kama ushahidi dhidi yako. Mwili umeamka kwa ajili ya kazi.

"Fukuza mawazo mabaya"

Mawazo hayafukuziki kwa amri. Mwaka 1987 Daniel Wegner aliwaambia washiriki wa jaribio lake wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila anapowajia. Kengele zililia tena na tena. Anayejikataza kufikiria alama za chini hupatwa na yaleyale, na kwa LSAT gharama yake ni kubwa. Maswali ya hoja yanakutaka ushike madai, sababu zake na upungufu wake kichwani kwa wakati mmoja, halafu upime majibu 5. Wasiwasi hukaa palepale panapohitajika kwa kazi hiyo.

Njia iliyojaribiwa ni kinyume cha kufukuza. Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha mwaka 2011 utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi walioandika kwa dakika 10 yale yanayowatisha kuhusu mtihani, muda mfupi kabla ya kuufanya, walipata alama bora, hasa wale wenye mazoea ya kuogopa mitihani. Andika wazi, bila kujipamba: "Naogopa nitawaangusha wazazi." Kisha uiache karatasi nje, uingie.

"Nikikwama sehemu moja, nimekwisha"

Hapa kuujua mtihani kunatuliza kuliko maneno yoyote matamu. Tangu Agosti 2024 LSAT haina tena yale mafumbo ya kupanga watu na vitu yaliyowatisha wengi. Kuna sehemu 2 za hoja na moja ya ufahamu, kila moja dakika 35, na kuna sehemu ya nne isiyohesabiwa alama, ambayo waandaaji huitumia kujaribia maswali mapya. Huambiwi ni ipi. Sehemu iliyokutoa jasho huenda ndiyo hiyo, au huenda siyo; kuikisia ni kupoteza dakika. Baada ya sehemu ya pili kuna mapumziko ya dakika 10, yatoshayo kuiacha nyuma iliyopita.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau wakishapaniki: jibu lisilo sahihi halikatwi alama. Usiache swali hata moja wazi, hata kama zimebaki sekunde 20 na unabahatisha.

Na lile la "usibadilishe jibu la kwanza"? Mwaka 2005 Justin Kruger, Derrick Wirtz na Dale Miller walichunguza majibu yaliyofutwa kwenye karatasi za mtihani wa chuo. Takriban nusu ya mabadiliko yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi, na robo tu yalikwenda kinyume. Ukiwa na sababu ya kubadilisha, badilisha.

Suala la kukesha usiku wa mwisho sitalirefusha. LSAT haipimi mambo ya kukariri, kwa hiyo hakuna cha kujaza kichwani usiku ule. Usingizi ukipungua, kinachopungua ni uwezo uleule wa kufikiri unaokwenda kupimwa. Kujiamini kunajengwa wiki nyingi kabla, kwa kufanya mitihani halisi ya zamani iliyomo LawHub, tovuti ya mazoezi ya waandaaji wa LSAT, kwa kufuata muda uliowekwa, mwanzo hadi mwisho, bila kusimama.

"Nafasi ni moja tu"

Hapana. LSAT haina kufaulu wala kufeli. Ina alama kati ya 120 na 180, na kila chuo kina kiwango chake. Unaruhusiwa kuufanya mara 7 maishani, mara 5 kati ya hizo ndani ya kipindi ambacho alama zako bado hutumwa vyuoni. Vyuo huona alama zote za kipindi hicho, lakini katika takwimu wanazotoa kuhusu wanafunzi wao wapya hutumia alama ya juu kabisa ya kila mmoja, na hiyo ndiyo inayowavutia zaidi.

Ikiwa hofu yako ni ugonjwa uliothibitishwa na daktari, usiubebe kimya kimya. LSAC, taasisi inayosimamia mtihani, hupokea maombi ya kuongezewa muda au mapumziko yakiambatanishwa na vyeti vya mtaalamu. Maombi hayo yana tarehe ya mwisho iliyo kabla ya siku ya mtihani, kwa hiyo zungumza na daktari wako wiki hiihii unayopanga kujiandikisha.