Mafuta ya mbegu za maboga hayasinyazi tezi dume
Imani kwamba mafuta ya mbegu za maboga husinyaza tezi dume iliyotanuka ni ya siku nyingi, ila ushahidi hauiungi mkono. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti wa Ujerumani: wanaume zaidi ya 1,400 wenye tezi dume iliyotanuka, miezi 12. Waliokula mbegu zenyewe, gramu 5 mara mbili kwa siku, walipata nafuu ya mkojo iliyozidi kidogo ile ya waliopewa dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia tu. Kapsuli za dondoo la mbegu hizo hazikufua dafu. Na karibu nusu ya waliomeza dawa bandia nao walipata nafuu! Ndiyo maana shuhuda za jirani hazitoshi. Mzee anayeamka mara nne usiku, mkojo ukitoka matonematone, akapimwe kwanza. Saratani nayo huweza kuanza hivyohivyo.