Simu mbili na kamba ya mita 10: dhana potofu kuhusu teknolojia darasani

Nafundisha fizikia sekondari, Dodoma. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilipogawiwa walimu nami nilipata changu, na tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi upya. Mengine niliyoyaamini mwanzoni yalinipotezea muda, na mabaya zaidi, yaliwapotezea wanafunzi wangu vipindi. Nayaandika kwa sababu nayasikia bado tunapokutana walimu kwenye MEWAKA, yale mafunzo yetu endelevu kazini.

Dhana: Ukiwasha projekta, umeshafundisha kwa ubunifu

Hii niliishika mimi mwenyewe. Niliandaa slaidi 42 za mada ya mawimbi, rangi tele, mishale inatembea. Nilikesha. Kipindi kikaanza, tukafunga mapazia, na vichwa zaidi ya 60 vikainama: walikuwa wananakili. Kila nilipotaka kwenda slaidi inayofuata, sauti zilitoka nyuma, "Bado sir, hatujamaliza." Kipindi mara mbili kikaisha hivyo, kunakili gizani. Ubaoni ningeandika kwa mwendo wa mkono, nao wangenifuata, ningesimama njiani niulize swali. Siku ile sikuuliza hata moja.

Ukweli niliotoka nao ni huu: kabla ya kuwasha chochote, najiuliza kifaa hiki kitamwezesha mwanafunzi kufanya nini ambacho kwa chaki na daftari hakifanyiki. Kama jibu ni kwamba ataona maandishi yaleyale kwa rangi nzuri zaidi, nabaki na chaki yangu.

Dhana: Vifaa vikifika, ufaulu utapanda

Peru waligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za msingi kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2012 ukatoka utafiti uliofuatilia shule 319 za vijijini, na baada ya miezi 15 haukuonyesha maendeleo yoyote kwenye mitihani ya hesabu na lugha. Kompyuta zilikuwepo na watoto walizitumia. Ila namna ya kufundisha haikubadilika. Jirani zetu Kenya walianza mwaka 2016 kupeleka vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza, vikapita milioni 1. Ni kazi kubwa na siibezi, lakini mwalimu yeyote anajua kwamba kishikwambi kilichofungiwa kabatini kwa kuogopa kisiibwe hakimfundishi mtoto.

Dhana: Bila intaneti na chumba cha kompyuta, hakuna kitu

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, maana ndipo walimu wengi wa shule za kata tunapokata tamaa mapema.

Kuna programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, na kutolewa mwaka 2016. Inatumia vihisi ambavyo tayari vimo ndani ya simu: maikrofoni, kihisi cha mwendo, cha sumaku. Unaipakua mara moja, baada ya hapo haikuli bando. Ndani yake mna saa inayoanza na kusimama kwa sauti.

Kidato cha nne tunafundisha mwendo wa sauti hewani. Kitabuni wanakutana nao kama namba ya kukariri, mara nyingi mita 330 kwa sekunde. Siku moja nikawatoa nje na kishikwambi changu, simu ya mwenzangu, kamba ya mita 10 na vibao vinne vya mbao. Simu moja mwanzo wa kamba, nyingine mwisho. Mwanafunzi wa kwanza anagonganisha vibao: saa iliyo karibu naye inaanza papo hapo, ya mbali inachelewa kidogo kwa sababu sauti iko njiani. Kisha wa upande wa pili anagonga: saa yake inasimama mara moja, ile nyingine inasimama ikichelewa. Tofauti ya saa mbili ndio muda wa sauti kwenda na kurudi, mita 20.

Mara ya kwanza saa zilianza kabla hatujagonga chochote. Bodaboda ilikuwa imepita barabarani. Kijana mmoja, wa wale wasionyoosha kidole darasani, akaniomba kishikwambi, akatafuta mahali pa kupandisha kiwango cha sauti kinachoamsha saa, akapandisha. Halafu akageukia wenzake wote akawaambia wanyamaze, na wakanyamaza kweli.

Tukapata sekunde 0.059. Mara ya pili 0.057. Ukigawa, ni kati ya mita 339 na 351 kwa sekunde. Kwa saa ya kubonyeza kwa kidole kipimo hiki hakiwezekani umbali ule, maana kidole cha binadamu peke yake kinachelewa sekunde 0.2 hivi. Hicho ndicho chaki isingeweza.

Swali lililofuata lilitoka kwao: mbona kitabu kinasema 330? Tukarudi ndani, tukaandika ubaoni kwamba 331 ni mwendo kwenye nyuzi 0, na kila nyuzi 1 ya joto inaongeza kama 0.6. Mchana ule ulikuwa nyuzi 30 hivi. Wakakokotoa wenyewe: 349. Nyuso zile sitazisahau. Namba ya kitabuni ilikuwa ya mahali pa baridi, na yao ilikuwa ya Dodoma.

Na simu siyo mwisho. Zanzibar, kuanzia mwaka 2006, watoto wadogo walifundishwa kwa redio kupitia Tucheze Tujifunze: redio inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu, wanaimba, wanaruka. Ukimya ule wa sekunde chache umepangwa kwa makini kuliko slaidi zangu zote 42.

Dhana: Jaribio la kwenye skrini linatosha, maabara ya nini?

Hapana. Maiga ya PhET, yaani majaribio ya kuigiza kwenye skrini yaliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, nayapenda sana, na mengi yanafanya kazi bila mtandao ukishayapakua. Kwenye lile la umeme mwanafunzi anaunganisha vibaya makusudi, betri inawaka moto, na hakuna aliyeungua. Lakini waya wa skrini haulegei wala hauna kutu. Mtihani wa vitendo unamkuta na waya wa kweli mkononi. Naanza na skrini, namalizia na waya.

Dhana: Watoto wa siku hizi wanazijua hizi kuliko sisi

Wanajua kupandisha video. Kuhifadhi faili mahali watakapolipata kesho, au kutambua kama habari waliyoikuta ina chanzo cha kuaminika, hayo wanahitaji kufundishwa kama tulivyowafundisha kusoma.

Dhana: Mwalimu ajue kila kitu kwanza, asije akaaibika

Hii ndiyo inayotuzuia wengi, hasa sisi tuliosoma ualimu enzi za chati za manila. Nimekaa na walimu wenzangu wenye miaka 20 kazini, wajuzi wa masomo yao, ambao vishikwambi vyao bado vina ile karatasi ya plastiki juu ya kioo. Wanaogopa kuulizwa kitu mbele ya darasa. Mimi sikujua kama kile kiwango cha sauti kinaweza kupandishwa. Kijana alijua kutafuta, mimi nilijua kwa nini kinahitajika. Heshima yangu haikupungua hata chembe. Tangu siku ile ananisalimia hadi sokoni.

Wiki iliyopita binti mmoja wa darasa hilo alinifuata ofisini na daftari. Anataka tupime tena mwezi wa saba alfajiri, nyuzi zikiwa 15 hivi, tuone kama kweli sauti itapungua mwendo. Ameshakokotoa: itakuwa 340. Ila kwa mita 10, anasema, tofauti ya muda ni ndogo mno, saa zetu huenda zisiione vizuri. Ameomba tutafute kamba ya mita 40.